Podikasti Darasani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu wa Lamu na Malindi

Maswali yaliyo hapa yameulizwa na walimu wa shule za msingi, sekondari msingi na sekondari za visiwani na bara ya Lamu, pamoja na majirani zetu wa Malindi, kuhusu namna ya kutafuta vipindi vya sauti vinavyofaa kufundishia na namna ya kuvitumia bila kula muda wa somo. Majibu si marefu kwa kipimo kimoja. Swali lenye mengi ya kuelezwa limeelezwa kwa kirefu, na lisilo na mengi limejibiwa kwa sentensi chache.

Podikasti ni nini, na inatofautianaje na kipindi cha redio?

Podikasti ni mfululizo wa rekodi za sauti zinazowekwa mtandaoni toleo baada ya toleo, ili msikilizaji azipakue au azisikilize wakati anaoutaka mwenyewe. Nyuma yake huwa kuna mlisho wa RSS, yaani faili ndogo ya maandishi inayoorodhesha matoleo yote na mahali yalipohifadhiwa, ambayo programu ya simu huikagua mara kwa mara na kuleta toleo jipya linapotoka. Mtindo huu ulianza kuenea mwaka 2004, na mwezi Juni 2005 Apple ikauingiza katika programu yake ya iTunes, ndipo ukafahamika na watu wengi.

Kwa mwalimu, tofauti kubwa ni kwamba redio haimsubiri mtu. Waliokuwa wakifundisha mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na masomo ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, yakawa yanarushwa na KBC, shirika la utangazaji la taifa, wanakumbuka kwamba mtoto aliyetumwa dukani saa ya somo la Hisabati alikuwa amelikosa somo hilo. Podikasti husimamishwa, hurudishwa nyuma na hukatwa. Uwezo huo wa kuisimamisha ndio unaoifaa darasani, na majibu mengi yanayofuata yanauegemea.

Nianzie wapi kutafuta?

Anza na programu moja tu katika simu yako. Kwa simu ya Android, tunapendekeza AntennaPod, kwa kuwa ni ya bure, haina matangazo yake yenyewe, haikulazimishi kufungua akaunti, na faili iliyopakuliwa nayo unaweza kuituma kwenye simu nyingine au kuihamishia kwenye kompyuta ya shule. Mwenye iPhone anayo Apple Podcasts tayari. Spotify, ambayo imekuwa ikipatikana Kenya tangu Februari 2021, ina podikasti nyingi mno, lakini kile unachokipakua humo hubaki ndani ya programu hiyo na huwezi kukitia kwenye flashi, jambo linaloipunguzia thamani kwa mwalimu wa Kizingitini au Ndau anayetegemea kupakua akiwa mjini na kwenda kutumia kisiwani. Ukikutana na mwongozo wa zamani unaokuelekeza Google Podcasts, uruke, kwani huduma hiyo ilifungwa mwaka 2024.

Makosa ya kawaida katika kutafuta ni kuandika maneno mapana kama vile "podikasti za shule". Andika mada yenyewe unayokwenda kuifundisha, kwa mfano "mikoko", "biashara ya Bahari ya Hindi" au "mionzi", kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kiingereza, na usome majina ya matoleo badala ya majina ya podikasti. Podikasti yenye jina la kuvutia inaweza isiwe na toleo hata moja linalokufaa, na podikasti ya habari za kila siku ikawa na dakika nne zilizotulia kuhusu jambo lile lile lililo katika maazimio yako ya kazi.

Njia ya pili, ambayo kwa Kiswahili huzaa zaidi, ni kwenda moja kwa moja kwenye tovuti za vyombo vya utangazaji. Vyombo hivyo vimekuwa vikirekodi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na sehemu kubwa ya kazi zao haionekani vizuri ukitafuta kupitia programu za simu.

Je, zipo podikasti za Kiswahili za kutosha?

Zipo, ila nyingi ni za habari, mahojiano, dini, biashara na mahusiano. Zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya darasa ni chache, na mwalimu asiyekubali ukweli huo ataishia kuchoka kutafuta.

Miongoni mwa zinazofaa, DW Kiswahili, idhaa ya Ujerumani, ina mfululizo wa michezo ya kuigiza uitwao Noa Bongo! Jenga Maisha Yako, uliotokana na mradi ulioanza mwaka 2008 kwa ajili ya vijana wa Afrika, unaogusa afya, mazingira, ajira, utawala na mengineyo. Kwa kuwa ni mchezo wa kuigiza wenye wahusika na mgogoro, unafaa somo la Kiswahili kuliko taarifa ya habari: wanafunzi husikia mazungumzo, hutambua hisia kutokana na sauti, na huweza kubashiri litakalotokea ukisimamisha mahali panapofaa. UN News Kiswahili, ya Umoja wa Mataifa, hutoa majarida ya sauti ambayo ndani yake hupatikana sehemu fupi ya Jifunze Kiswahili, ambamo mtaalamu hufafanua neno au methali kwa muda mfupi sana. Hiyo ni hazina ya kufungulia somo. RFI Kiswahili, idhaa ya Ufaransa, ina Gurudumu la Uchumi, linalofaa wanafunzi wa sekondari wanaosoma Biashara, na Changu Chako, Chako Changu, linalohusu utamaduni. Kwa madarasa ya chini, shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, lina hadithi na nyimbo za hesabu na sayansi kwa Kiswahili chepesi.

Usisahau vifaa vya KICD vilivyo katika tovuti yake ya Kenya Education Cloud. Havina mbwembwe za podikasti za kisasa, na baadhi yake ni mwalimu anayezungumza mfululizo, lakini vimefuata mtaala wetu, na hilo lina uzito wake.

Na kwa Kiingereza, Historia na Sayansi?

Kwa Kiingereza, 6 Minute English ya BBC Learning English ni rahisi kuitumia. Muda wake umo katika jina, kila toleo huanza na swali ambalo jibu lake hutolewa mwishoni, hufafanua msamiati kidogo, na maandishi yake yote huwekwa kwenye tovuti bure. Mwalimu aliyebanwa na muda anaweza kuchapisha maandishi hayo, akafuta maneno kadhaa, na akawa na zoezi la kujaza mapengo bila kutunga chochote.

Kwa Historia, upo mfululizo wa BBC na Jumba la Makumbusho la Uingereza wa mwaka 2010, A History of the World in 100 Objects, wenye matoleo 100 ya takriban robo saa kila moja. Toleo la 60 linahusu vigae vilivyookotwa katika ufuo wa Kilwa Kisiwani: vya kijani na vyeupe kutoka Uchina, vyenye rangi ya kung'aa kutoka nchi za Kiislamu za Mashariki ya Kati, na vyungu vya udongo vilivyofinyangwa hapa hapa pwani. Mtoto wa Lamu aliyewahi kuvuka kwenda Takwa katika kisiwa cha Manda, au anayetoka Pate karibu na magofu ya Shanga, ameviona vigae vya namna hiyo chini ya miguu yake. Hakuna toleo jingine tunalolifahamu ambalo linafika karibu hivi na mlango wa darasa letu, na linashangaza jinsi lisivyotumika.

Kwa Sayansi, tafuta matoleo yanayojibu swali moja, kama yale ya CrowdScience ya BBC, ambayo hutokana na maswali ya wasikilizaji. Hapa pia kuna nafasi ya kuitia mada nyumbani. Mwalimu wa Malindi anayepata toleo lolote zuri kuhusu mashimo meusi au mionzi ya eksirei anaweza kulifungua kwa kuwaeleza wanafunzi kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza mionzi hiyo kutoka angani. Iliitwa Uhuru kwa sababu ilirushwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na vipimo vyake vya kitu kiitwacho Cygnus X-1 vilichangia sana katika kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Baada ya utangulizi huo, sauti ya mgeni kutoka London husikilizwa kwa masikio mengine.

Nicheze toleo zima au kipande?

Kipande. Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, na ndilo ambalo jibu lake hupuuzwa zaidi.

Somo la sekondari msingi ni dakika 40, na la shule ya msingi gredi za juu ni dakika 35. Ukitoa muda wa kuingia, kutulia, kuunganisha spika na kuhitimisha, hubakiwi na nusu saa kamili. Toleo la dakika 25 likichezwa lote, kitakachofanyika darasani ni wanafunzi kukaa kimya huku wa nyuma wakisinzia, na mwalimu kumaliza kwa kuuliza "mmeelewa?" na kuitikiwa "ndiyo" kwa sauti moja. Hapo hakuna kilichofundishwa ambacho kingeweza kupimwa. Dakika tatu hadi nne zilizochaguliwa vizuri, zikasikilizwa mara tatu, kila mara kwa kazi tofauti, hufanya kazi kubwa zaidi.

Tuchukue lile toleo la vigae vya Kilwa. Mwalimu amelisikiliza lote nyumbani na kuandika katika andalio la somo dakika na sekunde ambapo kipande anachokitaka kinaanza na kinapoishia, yaani pale panapoelezwa vigae hivyo vimetoka wapi. Kabla ya kucheza chochote, huandika ubaoni maneno matano au sita ya Kiingereza yatakayowakwaza wanafunzi na kuyaeleza kwa ufupi. Mara ya kwanza kazi ni moja tu: kila mwanafunzi aandike majina ya mahali anayoyasikia, bila kujali tahajia. Majina hayo hukusanywa na kuonyeshwa kwenye ramani ya Bahari ya Hindi. Mara ya pili mwalimu husimamisha baada ya kila sentensi mbili tatu, na wanafunzi wawili wawili husimuliana kwa Kiswahili walichosikia. Mara ya tatu husikiliza bila kusimama, wakiwa na swali moja la kufikiria: kwa nini sahani ya Uchina ivunjike Kilwa, na nani aliyekuwa na fedha za kuinunua? Mjadala wa swali hilo ndio somo lenyewe, na sauti ilikuwa imetayarisha njia tu.

Tahadhari moja inayohusu mfano huu: ukiwapeleka wanafunzi Takwa baada ya somo, wakumbushe mapema kwamba vigae hutazamwa na kuchorwa, haviokotwi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inavilinda, na mtoto mwenye kigae mfukoni amekiondoa mahali ambapo kilikuwa na maana.

Nitajuaje kwamba toleo linafaa kabla ya kulipeleka darasani?

Lisikilize lote, hata kama utacheza dakika tatu tu, kwa kuwa wanafunzi wenye simu nyumbani watalitafuta na kusikiliza lililobaki. Angalia nani ameliandaa na kama anataja alikopata taarifa zake. Angalia tarehe, hasa katika Sayansi, Biashara na Uraia. Sikiliza pia kasi ya msemaji na idadi ya sauti, kwani watu wanne wanaocheka na kuingiliana hawafuatiliki kupitia spika ndogo, hata kama wanayoyasema ni ya maana.

Matangazo ya biashara ni tatizo la kweli. Podikasti nyingi hutiwa matangazo yanayobadilika kulingana na nchi na siku ya kupakua, hivyo faili uliyoisikiliza mwezi uliopita inaweza kurudi na tangazo la kamari katikati ukiipakua upya. Tumia faili ile ile uliyoikagua.

Shule yetu haina intaneti, na umeme hauna uhakika. Je, tunaweza?

Mnaweza, tena kwa gharama ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Sauti ya MP3 ya kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takriban MB 1 kwa dakika, na ya kilobiti 64, ambayo inatosha kabisa kwa mazungumzo, hutumia nusu yake. Toleo la robo saa basi ni kati ya MB 7 na 15. Video ya muda huo huo hula bando mara nyingi zaidi. Mwalimu anayekuja Amu, yaani mji wa Lamu, mwishoni mwa juma au anayepita Mokowe anaweza kupakua matoleo ya muhula mzima kwa kikao kimoja mahali penye mtandao mzuri, kisha akayatia kwenye memori kadi na flashi.

Spika nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani hapa huchomekwa flashi au memori kadi moja kwa moja na huhifadhi chaji kwa saa kadhaa, hivyo simu haihitajiki darasani. Mahali pasipo na umeme wa gridi, paneli ndogo ya jua inayochaji simu za walimu huchaji na spika. Shule zenye vishikwambi vya mradi wa serikali ulioanza kuvigawa katika shule za msingi mwaka 2016, na ambavyo bado vinafanya kazi, zinaweza kuvitumia kwa vikundi: kishikwambi kimoja kwa wanafunzi watano, kila kikundi na kipande chake, kisha vikundi vinasimuliana.

Wanafunzi wa nyuma hawasikii. Tufanyeje?

Mara nyingi tatizo si udogo wa spika bali ni mahali ilipowekwa. Spika iliyo juu ya meza ya mwalimu hupiga sauti kwenye vifua vya waliokaa mbele na kuishia hapo. Iweke juu zaidi, kwenye kabati au dirishani katikati ya chumba, na uwapange wanafunzi kuizunguka. Kuongeza sauti hadi mwisho huikwaruza na kufanya maneno yasitambulike.

Paa la mabati wakati wa mvua za masika halina dawa, kwa hiyo masomo ya kusikiliza ya mwezi wa Mei yawe na mbadala uliotayarishwa. Zingatia pia ratiba ya adhana, hasa kwa shule zilizo ndani ya mji wa kale, Mkomani na Langoni, ambako misikiti imekaribiana. Panga kipande kiishe kabla, badala ya kukikata katikati.

Je, baadhi ya wazazi hawatapinga muziki ulio katika podikasti?

Wapo watakaouliza, na ni haki yao. Muziki wa utangulizi unaweza kukatwa bila kupoteza chochote cha kielimu, nasi tunashauri ukatwe hata pale ambapo hakuna aliyelalamika, kwa sababu hula sekunde thelathini za somo. Mwalimu mkuu akijulishwa mapema podikasti gani zinatumika na kwa mada gani, maswali ya wazazi hujibika kwa urahisi.

Wanafunzi wetu huzungumza Kiamu, Kibajuni au Kigiriama nyumbani. Je, Kiswahili cha podikasti hakitawachanganya?

Hakitawachanganya kuliko redio na televisheni wanazozisikia kila siku. Wanafunzi wa hapa wamezoea kuhama kutoka lugha ya nyumbani kwenda ya shule, na wengi wana sikio kali kwa sababu hiyo. Tumia tofauti hizo kama kazi: wasikilize msemaji wa Dar es Salaam na wa Nairobi wakieleza jambo linalofanana, kisha waeleze wao jinsi bibi zao wangelisema. Mwalimu ajihadhari asiifanye lahaja ya nyumbani kuwa kosa linalosahihishwa. Katika kaunti ambamo tenzi za Kiamu na Kipate bado zinasomwa kwa sauti, kufanya hivyo ni kujinyima nyenzo.

Podikasti inaingiaje katika mtaala na maazimio ya kazi?

Katika Kiswahili na Kiingereza, kusikiliza na kuzungumza ni mada kamili ya mtaala wa umilisi (CBC), na ni mada inayoonewa, kwa kuwa walimu wengi huifundisha kwa kusoma kifungu kwa sauti yao wenyewe. Podikasti huandikwa kwenye safu ya nyenzo katika maazimio ya kazi, kwa jina la toleo na dakika zitakazotumika. Katika masomo mengine huwa nyenzo ya ziada, na haishiki nafasi ya kitabu kilichoidhinishwa na KICD. Mkaguzi akiuliza, onyesha andalio la somo lenye matokeo yanayotarajiwa na kazi za wanafunzi. Hilo humtosha zaidi kuliko maelezo marefu kuhusu teknolojia.

Nitawapimaje?

Usipime kumbukumbu ya mambo madogo madogo. Pima kama mwanafunzi anaweza kusimulia hoja kuu kwa maneno yake, kutofautisha maoni na taarifa, na kutambua hisia au msimamo wa msemaji. Swali la mwisho wa zoezi liwe lile ambalo haliwezi kujibiwa na aliyenakili daftari la jirani.

Hakimiliki inasemaje?

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na sheria hiyo ina misamaha kwa matumizi ya kielimu. Kucheza kipande darasani kwa ajili ya kufundisha, ukitaja aliyekitengeneza, ni jambo moja. Kunakili mfululizo mzima na kuusambaza katika vikundi vya WhatsApp vya kaunti, au kuuza flashi zilizojazwa, ni jambo jingine, na hatulishauri. Podikasti zenye leseni ya Creative Commons hueleza wazi kinachoruhusiwa: zenye alama ya BY zinataka utaje jina la mwenye kazi, zenye NC zinakataza matumizi ya kibiashara, na zenye ND zinakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Ukitaka zaidi ya hapo, mwandikie mtayarishaji. Wengi hufurahi kujua kwamba kazi yao inafundishiwa.

Kuna wanafunzi wenye ulemavu wa kusikia. Je, wabaki nje?

Hapana. Chagua toleo lenye maandishi yake, uwape maandishi hayo kabla ya somo, na palipo na mwalimu wa Lugha ya Ishara ya Kenya apewe kipande mapema ajitayarishe. Ikiwa hakuna maandishi na huna muda wa kuyaandika, chagua nyenzo nyingine siku hiyo.

Je, wanafunzi wanaweza kutengeneza podikasti yao?

Wanaweza, na kwa maoni yetu ndipo ilipo faida kubwa zaidi. Mada ya ukusanyaji wa fasihi simulizi nyanjani, ambayo hufundishwa kwa nadharia tupu katika shule nyingi, hapa ina kila kitu inachohitaji: wasimulizi, mafundi, malenga na nahodha wako mitaa miwili tu kutoka shuleni.

Chukua kikundi cha wanafunzi wanaokwenda Matondoni kumhoji fundi wa majahazi kuhusu kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao za chombo. Siku moja kabla, mwalimu au mzazi anayefahamika huko huenda kuomba ruhusa na kueleza rekodi itatumika wapi. Siku yenyewe wanafunzi huanza kwa shikamoo na kujitambulisha kwa majina na mitaa ya kwao, kwa sababu mzee atataka kujua ni watoto wa nani kabla hajasema lolote la maana. Swali la kwanza lisiwe la "ndiyo" au "hapana". "Mzee, tueleze unavyoanza kuziba mwanya ulio kati ya mbao mbili" humfanya fundi achukue pamba na mafuta na kueleza huku mikono ikifanya kazi, na mdundo wa nyundo unaingia katika rekodi wenyewe. Simu ishikwe karibu na kifua cha msemaji, umbali wa shibiri moja au mbili, ikiwa imewekwa katika hali ya ndege ili isilie, na mgongo wa mwenye kuishika uukinge upepo wa kusi. Kabla ya kuondoka, rekodini dakika moja ya mazingira bila mtu kusema, kwani itawasaidia kuficha mikato mnapohariri.

Kuhariri hufanywa kwa Audacity, programu ya bure ya kompyuta iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, ambayo hufanya kazi bila intaneti na hata kwenye kompyuta kuukuu. Lengo la mara ya kwanza liwe dakika tano. Mahojiano ya dakika arobaini yasiyokatwa hayasikilizwi na mtu, hata walioyafanya.

Kuhusu ruhusa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi katika kushughulikia taarifa za mtoto, na sauti yenye jina ni taarifa yake. Pateni idhini kwa maandishi kabla ya kuweka chochote mtandaoni, tumieni jina la kwanza tu, na msitaje mtaa wa mtoto katika rekodi inayochapishwa. Hakuna ubaya rekodi zikabaki ndani ya shule na kusikilizwa siku ya wazazi. Pia mzee aliyehojiwa apelekewe nakala, na asikilize kabla ya wengine. Akisema sehemu fulani iondolewe, iondolewe.

Wanafunzi waruhusiwe simu kwa ajili hii?

Fuata kanuni za shule yako. Kila kilichoelezwa hapa kinaweza kufanyika kwa simu ya mwalimu mmoja.

Vipi podikasti zinazotungwa na akili unde?

Tangu Septemba 2024, NotebookLM ya Google imeweza kugeuza maandishi kuwa mazungumzo ya sauti ya watu wawili wasiokuwapo, na programu nyingine zinafanya vivyo hivyo. Inaweza kumsaidia mwalimu wa Kiingereza au Sayansi kupata marudio ya sura ya kitabu, ila huongeza mambo ambayo hayamo katika maandishi na kuyasema kwa kujiamini, hivyo kila sentensi ihakikiwe. Wanafunzi waambiwe kwamba sauti hiyo ni ya mashine. Kwa kufundisha matamshi na lafudhi ya Kiswahili hatuipendekezi, hasa pwani, ambako mtu mwenye lafudhi halisi anapatikana bila gharama.

Nihifadhije faili ili mwalimu mwenzangu azipate?

Badilisha jina la faili mara tu unapoipakua, kwa kuwa majina yanayokuja nayo huwa ni tarakimu zisizoeleweka. Mpangilio unaofaa ni somo, gredi, mada, kisha dakika ya kuanzia na ya kuishia, kwa mfano "Kiswahili-G8-methali-0215-0540". Weka nakala moja katika kompyuta ya shule na nyingine katika flashi inayobaki ofisini, isiyopelekwa nyumbani na mtu yeyote. Kando yake liwepo daftari la kawaida ambamo kila mwalimu aliyetumia kipande anaandika mistari miwili: darasa gani, na wanafunzi walikwama wapi. Andika pia tarehe uliyopakua na jina la mtayarishaji, kwani matoleo ya zamani huondolewa mtandaoni bila taarifa, na faili isiyojulikana ilikotoka haifai kuandikwa katika andalio la somo.